Shanga Ndani ya Mguu wa Mume Wangu

Mume wangu alivaa shanga. Naandika hivyo hivyo, maana kwao Lipingo walisema mengi na mengi yalikuwa uongo.

Ilikuwa wakati wa soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda Mbinga na malori yao. Mume wangu, mtu wa ziwani, alikuwa huku kwetu milimani akipakia magunia. Akaanguka na gunia lake, mguu ukavunjika. Hospitali wakamtia chuma ndani ya mfupa, mfupa ukaunga, lakini kidonda kikakataa kufunga. Kinakauka, tunashukuru Mungu, kisha kinafumuka tena na usaha. Naye ananunua rangi mbili mnadani, zile kapsuli zilizoanikwa kwenye turubai pamoja na sabuni na mitumba. Nyingine anameza, nyingine anapasua na kunyunyiza unga wake kidondani, kama anaunga mboga kwa karanga. Nilimkataza. Mwanaume hakatazwi, anasubiriwa.

Tukarudi hospitali.

"Mama," daktari akaniuliza, "unaujua ukoga wa mtungi?"

"Naujua."

"Basi wadudu wameshika kile chuma, wakajifunika ukoga. Dawa anayomeza inapita juu tu. Chuma nitakitoa, mfupa nitausugua, na pale ndani nitaweka kitu chenye dawa, itoke kidogo kidogo, ukoga usipate pa kushika. Hiki kikishindwa, nakata mguu."

Nilielewa. Mtungi wenye ukoga huusuuzi, unausugua kwa mchanga. Ila hicho kitu hakukitaja ni nini.

Mume wangu akatolewa chumba cha upasuaji, na kwenye ncha ya bandeji inaning'inia shanga. Nyeupe, ya mviringo. Kumbe daktari alifinyanga saruji ya mifupa na dawa, akatunga kwenye waya, akaulaza mkufu mzima ndani ya mguu. Moja aliiacha nje, ili siku ikifika azivute zote.

Wodi ya wanaume haina huruma.

"Bibi harusi ameamka?" akauliza wa kitanda cha jirani. "Geuka kidogo basi, tuone kiuno!"

Mume wangu akageukia ukuta.

Ndipo akaja wifi yangu, dada yake mkubwa, kutoka Lipingo, na kikapu cha usipa, dagaa wa kule ziwani. Hata hajakaa, akafunua blanketi.

"Wifi, nani kamvisha mdogo wangu shanga?"

"Daktari."

"Daktari! Shanga tunavaa wanawake, tena kiunoni, tena ndani ya nguo. Hii umeifanya wewe, umtawale."

"Ningetaka kumtawala ningemvisha miguu yote miwili."

Mume wangu kwa aibu akatafuta pa kutokea, akaharibu kabisa. "Dada, siyo shanga. Ni rozari."

Kwao ni Waanglikana tangu babu yao. Mimi ni Mmatengo, Mkatoliki.

"Bora zingekuwa shanga!" wifi akapiga kelele. "Kumbe mmeanza kumgeuza dini, tena kwa kuanzia mguuni!" Akaikamata ile ya nje, avute.

Nikamshika mkono. "Vuta. Ukoga ukirudi mguu unakatwa. Utaubeba wewe, kwenye kikapu hicho hicho cha usipa, mpaka Lipingo, ukawaeleze ukoo."

Wifi akatazama kikapu chake, akautazama mguu.

"Nakuuliza mara ya mwisho," akamwambia mdogo wake. "Shanga au rozari?"

Mume wangu akatazama kitanda cha jirani. Akanitazama mimi. Sikumsaidia.

"Shanga," akasema.

"Basi zikae."

Akafungua kanga yake ya pili, akaufunika ule mguu, akaanza kumfunda kama tunavyofunda wasichana: mwenye shanga hazianiki kwa watu, mwenye shanga hukaa kwa adabu. "Na anayekucheka, mwelekeze kwangu." Wa kitanda cha jirani akajifanya amelala.

Siku ya kuzitoa wifi alikuwepo, akapiga kigelegele kwa kila shanga iliyochomoza. Daktari alipozitupa kwenye ndoo, wifi akamkaripia. Kidonda kikafunga, na safari hii hakikufumuka.

Tukateremka Lipingo kwa lori. Mume wangu akashuka kwa miguu yake miwili. Wanawake wa pale, walioshasikia yote, wakamsogezea kigoda upande wao. Akaenda, akakaa. Kwa adabu.