Mwanafunzi Mwenye Mvi

Jirani, mwalimu mstaafu, hamalizi sentensi bila kukung'uta viganja, kama vile bado vina vumbi la chaki. Kesho binti wa mlango wa pili ana usaili wa kazi ya ualimu, basi leo mzee kajifanya mwanafunzi wake: anasinzia, anamchokoza paka, kisha ananyoosha mkono. "Sijaelewa." Binti anaeleza upya hesabu za sehemu kwa kukata chungwa, bila kununa. Mzee anakung'uta viganja, anasimama wima huku magoti yakilia. "Shikamoo, mwalimu." Binti anaona haya, tangu utotoni yeye ndiye humwamkia mzee hivyo. "Marahaba, babu. Na ahsante kwa yote." "Darasani hakuna babu," anajibu mzee, hajaketi bado. Machozi yanamlengalenga binti. "Marahaba. Kaa chini." Ndipo mzee anapoketi.