Miguu ya Sajini Tribbet

Sajini Tribbet wa mchezo wetu wa redio alikuwa na mdomo wa mtu mmoja na miguu ya mtu mwingine. Mdomo ulikuwa wa Cyril Bagnall, mchekeshaji mwenye tumbo na majivuno, aliyesimama mbele ya kipaza sauti bila kuinua hata unyayo. Miguu ilikuwa ya Wilf Ockenden, fundi wetu wa vishindo. Sajini akipanda ngazi kwenda kumkamata mwizi, Cyril alihema tu juu ya karatasi yake. Aliyepanda ni Wilf. Pembeni ya jukwaa tulikuwa na kingazi cha mbao chenye vidato vitano, na juu yake mlango uliosimama peke yake, bila nyumba.

Ko, ko, khrrr. Hatua mbili nzito, ya tatu inaburuzwa, maana Wilf alirudi na risasi kiunoni kutoka vitani Italia. Kila Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni, watu walianza kucheka mbele ya redio zao kabla Sajini hajasema neno.

Wilf alikuwa na lalamiko moja tu. "Vidato vitano vinaniacha na mguu hewani," alisema. "Ko, ko, khrrr, ko, ko, halafu? Nipeni cha sita nimalizie." Bwana Frew, mtayarishaji wetu, akamjibu kwamba mbao hazipatikani na redioni hakuna anayehesabu ngazi.

Februari ya mwaka hamsini na tatu, ukungu wa moshi wa makaa ulimkaba Wilf mapafu, akafa. Miguu iliyojulikana na nchi nzima ikazikwa na watu saba, mmoja wao mchimba kaburi.

Frew alijaribu wanaume watatu. Wa kwanza alitembea kama farasi. Wa pili, kama mtu aliyeibiwa soksi. Wa tatu, mpiga tarumbeta wetu, alitembea vizuri mpaka alipokumbuka kwamba anatembea. Frew akaniambia mimi, mwandishi wa vichekesho: "Alhamisi ikifika sijapata miguu, Sajini anahamia Australia. Mwandikie kwaheri."

Habari ikamfikia Enid, mjane wa Wilf, mshona mapazia wa mtaa wa Kilburn. Kwa miaka mingi, kila Alhamisi, alimsikia mumewe mara mbili: kwanza redioni, na saa moja baadaye kwenye ngazi za nyumba yao. Za nyumbani zilishanyamaza. Sasa tulitaka kumnyamazishia na za redioni.

Alhamisi asubuhi akaingia studioni na mfuko wa karatasi mkononi.

"Nasikia mnampeleka Australia."

"Bibi Ockenden," alisema Frew, "pole sana na msiba, lakini..."

"Pole nimeshapewa na kila mtu, hata muuza samaki. Nimekuja kutembea."

Akatoa viatu vya marehemu. Cyril akacheka. "Mama, hivyo utavijaza na nini?"

"Gazeti, Bwana Bagnall. Ule ukurasa uliokusifu wewe. Haukutosha hata kidole gumba."

Akavaa, akapanda. Ko, ko, khrrr, ko, ko. Cyril akapoteza mstari kwenye karatasi yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Ulikuwa ukimtazama vipi mpaka ukampata hivyo?" Frew akauliza.

"Sikumtazama. Miaka kumi na tisa nimekuwa jikoni, mgongo mlangoni, namsikiliza akija."

"Haya. Vidato vitano, kisha bisha mara tatu. Na usininyamazie hewani. Kimya kikizidi, watu wanadhani redio imekufa, wanaanza kuipiga makofi."

Jioni watazamaji mia tatu wakakaa ukumbini, taa nyekundu ikawaka. Ikafika zamu ya Sajini. Enid akapanda. Ko, ko, khrrr, ko, ko. Akasimama juu, ngumi imeinuliwa mbele ya mlango. Hakubisha.

Sekunde moja. Mbili. Frew nyuma ya kioo akawa anapunga mikono kama anayezama. Mimi nilikuwa naangalia miguu yake Enid, nikitamani isogee. Ilikuwa imeungana, imetulia kama viatu dukani.

Khrrr.

Ilitoka upande wa pili wa mlango, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta na ndoo ya kuzimia moto.

Enid akashusha ngumi. Akasema, kwa sauti ya mke wa kila siku, mbele ya kipaza sauti na nchi nzima: "Umechelewa, Wilf."

Cyril alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Lakini mkate wake ni mdomo, na mdomo ukamwokoa. "Nimechelewa, mama. Hizi ngazi zenu zinazaana." Ukumbi ukaangua kicheko. Enid akabisha mara tatu, mchezo ukaendelea.

Kipindi kilikuwa kimenaswa kwenye santuri kwa ajili ya kurudiwa Jumamosi. Tukaiweka, tukahesabu hatua. Sita. Frew akasema ni mbao zimelia. Mimi nilisoma umeme na sauti nikaacha stashahada katikati. Nadhani hili lilikuwa kwenye ile nusu nyingine.

"Kazi ni yako," Frew alimwambia Enid. "Kila Alhamisi. Sajini amepona."

Enid alikuwa anafungua kamba za viatu. "Sitembei tena. Nikiwa natembea, masikio yanashughulika na miguu yangu. Leo nusura nisimsikie. Nipe yule wa tarumbeta, nitamfundisha. Nitakaa nimempa mgongo, kama jikoni."

Akamfundisha siku sita. Alhamisi iliyofuata mpiga tarumbeta akapanda na viatu vya Wilf, vikamtosha bila gazeti, na Enid akaketi kwenye kigoda nyuma ya mlango, kando ya ile ndoo. Frew, yule adui wa kimya, aliandika mwenyewe kwa kalamu kwenye karatasi zetu: baada ya hatua ya tano, nyamaza sekunde tatu.

Mwezi Mei mbao zikapatikana. Seremala akaja na kidato cha sita, kimepigwa randa vizuri, akaanza kutafuta misumari. Enid akainuka kwenye kigoda.

"Kirudishe, mwanangu," alisema. "Hicho anacho chake."