Niliipamba Barua ya Maziwa Mpaka Ikadanganya

Kosa ni langu, ndugu zangu, msinitafutie pa kujificha. Jina naomba libaki kwangu, maana Lushoto ni ndogo na mama yangu bado anaimba kwaya.

Nina steshenari mjini. Nachapa barua, natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti ambazo hakuna mteja aliyewahi kuzipenda. Ukutani nilibandika orodha ya maneno ambayo watu huyachanganya kwenye barua za biashara: dhamini na thamini, athari na hadhari, ajiri na ajali. Mteja akikosea namwonyesha ukuta kwa kalamu. Jamani, nilikuwa na maringo! Huku kwetu wengi tumezaliwa na Kishambaa, Kiswahili tumekikuta shuleni, basi mimi niliyekishika kidogo nikajiona bwana mkubwa.

Siku moja akaja mama mfugaji wa Kwai, huko juu mlimani, rafiki wa mama yangu. Nitamwita Mama Upendo, siyo jina lake. Alikuwa na karatasi ya daftari aliyoiandika kwa mkono, anaomba kuiuzia maziwa shule moja ya bweni. Akaniachia niichape, akaenda sokoni.

Nikasoma. Alikuwa ameandika "nawadhamini sana walimu". Nikacheka peke yangu, nikarekebisha. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa nawaandikia. Lakini chini alieleza kwamba ng'ombe anawakamua mwenyewe na njia ina matope, kwa hiyo maziwa yatafika saa tatu na siyo kabla. Jumapili yatachelewa zaidi kwa sababu ya ibada. Na ng'ombe akiugua, atasema mapema.

Nikaona huyu mama anajiharibia. Nani anaomba soko huku anataja matope? Nikafuta yote! Nikaanza na "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", na mpaka leo sijui mtu anahusikaje na kichwa. Nikaendelea na "tunawahakikishia huduma endelevu kila siku alfajiri bila kukosa", nikamalizia na ujenzi wa taifa. Mama mmoja na ng'ombe wake wawili wakageuka "sisi"! Nilijisikia raha, acha tu.

Aliporudi nikamsomea mbio mbio, kwa ile sauti ya mtangazaji wa redio. Akatabasamu, akasema kweli nimesoma. Akatia sahihi.

Shule ikakubali, na maziwa yakapangwa kwa chai ya saa kumi na mbili na nusu. Mama akafika saa tatu, kama alivyoandika. Kesho yake, saa tatu. Wiki haijaisha, wanafunzi wanakunywa chai ya rangi na yeye ameitwa ofisini, barua iko mezani. Akasema alichoandika ni saa tatu. Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye haki, akanipigia simu kuniuliza kama barua ilichapwa kama ilivyoletwa.

Ile karatasi ya daftari nilikuwa nayo kwenye droo, naiona. Na dukani walikuwepo wateja wanne, wananisikiliza.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema. "Kama ilivyoletwa."

Hilo ndilo ungamo langu. Kuipamba barua ulikuwa ujinga, lakini hapa nilidanganya nikiwa na akili zangu timamu, kulinda jina la steshenari! Mama wa watu akaonekana mwongo mbele ya walimu. Shule ikamwacha, akarudi kuuza maziwa nyumba kwa nyumba.

Tukikutana kanisani nampa shikamoo, anaitikia marahaba, anapita. Zamani angeuliza hali ya mama, angeuliza naoa lini, angenitania kitambi. Ile marahaba kavu iliniuma kuliko tusi.

Mwezi uliopita nikashindwa kuvumilia. Nikaichukua karatasi, nikaenda shuleni, nikasema yote nikiwa nimesimama. Mwalimu mkuu akaisoma mpaka mwisho, pamoja na lile "nawadhamini".

"Saa tatu?" akasema. "Wanafunzi wanakunywa uji saa nne. Ningeyahamishia huko."

Nilitamani anitukane. Akaniambia tu kwamba nafasi imeshachukuliwa na mfugaji mwingine, kwa mwaka mzima.

Siku hiyo hiyo nikapanda Kwai. Nilimkuta Mama Upendo anakata majani ya ng'ombe. Nikamweleza nilivyofanya, na nilivyojibu kwenye simu. Hakuacha kukata mpaka nilipofika kwenye uji wa saa nne. Hapo akasimama.

"Karatasi yangu uliisoma?"

"Niliisoma, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Miezi yote hii mimi nilisema labda hukuisoma," akasema, akainama tena kwenye majani.

Nilikosa pa kuweka uso. Kumbe alikuwa akinitetea moyoni mwake, na mimi nimepanda mlima kwenda kumnyang'anya hata hilo!

Basi ninyi mnaochapa barua za watu, na ninyi wenye vyeti mnaoambiwa na shangazi zenu "hebu nitengenezee hapa", rekebisheni neno lililokosewa mkomee hapo. Mkiona jambo linawatia aibu kwa niaba ya mwenye barua, msilifute. Muulizeni kwanza. Mama Upendo alikuwa sokoni tu, dakika tano kutoka dukani kwangu, na sikumuuliza.