Kona ya Tate Barazani

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani wakati mbwa wetu Tomi alipoanza kujikuna, na mpaka leo nikisikia mguu wa mbwa ukigonga sakafu, nashtuka. Tulikaa Bigo, hapa Bunia: baba, mama, mimi, na nyanya yangu mzaa baba, ambaye sote tulimwita Tate. Tate alitoka Boga, kwenye nchi ya wafugaji wa ng'ombe, na kitu alichokithamini kuliko vyote alivyokuja navyo kilikuwa ngozi ya ng'ombe wa mwisho wa baba yake. Aliitandika barazani, kwenye kona yake. Hakuna aliyethubutu kuikanyaga, wala kuiinua ili afagie chini yake. Tomi peke yake ndiye aliyeruhusiwa kulala pale, miguuni pa Tate.

Tomi alijikuna asubuhi, alijikuna tukila, alijikuna tukisali, mpaka manyoya ya mgongoni yakaisha na pakabaki pekundu. Tate hakuona ugonjwa. Kwake, mbwa anayejikuna bila kupumzika mlangoni pa watu anapokea kitu kilichotumwa kwa watu wenyewe.

"Ile mbwa iko nabeba mambo yetu," alisema. "Siku itachoka, mambo itaingia kwa mutoto."

Mtoto katika nyumba ile nilikuwa mimi tu. Nikaanza kulala nimejifunika gubigubi, na kila kipele kilichonitoka kilinitia baridi.

Mtumaji lazima awe karibu, ndivyo Tate alivyojua, na karibu yetu alikuwa Mama Neema. Alikimbia vita upande wa Djugu, binti yake mgongoni, na mama akampa chumba kidogo cha uani. Alikuwa mkimya, mpole, na kabla ya Tomi kuanza kujikuna tulimpenda kwa huo upole. Sasa akimtupia Tomi mfupa, Tate aliutazama ule mfupa mpaka ukaisha. Akienda nyuma ya choo na jembe, Tate alinikonyeza nimfuate kwa macho. Nami nilimfuata. Nilimwona akifukia kitu, akakanyaga udongo, akatazama huku na huku.

Baba akaambiwa achimbe pale. Jembe likaleta juu mfuko wa plastiki, na ndani yake nywele na vipande vya kucha.

"Nilisema nini?" Tate akauliza.

Mama Neema alikuja mbio, mikono imejaa unga. "Ni nywele ya Neema, Tate. Nikimunyoa ninazika tu, juu watu wasiikamate."

"Watu gani?"

Leo najua kwamba alichokiogopa Mama Neema ndicho alichokiogopa Tate, ambaye nywele zake mwenyewe alizichoma motoni zote, hata zile za kwenye kitana. Lakini siku ile nani angeliona hilo? Mama alijaribu kumtetea, akaulizwa kama anataka kuzika mtoto wake. Baba akasema Mama Neema atafute pengine. Akafunga vitu vyake, akambeba binti yake, akaenda kwenye kambi ya waliokimbia vita. Tomi alimfuata mpaka barabarani, ikabidi tumvute kwa kamba.

Haikuchelewa kuja habari kwamba dada yake Tate amefariki kule Shari. Tate alikunja ngozi yake, maana kwenye matanga hakukubali kukalia kitu kingine, akapanda nayo pikipiki. Tomi, kwa kukosa malalo yake, akahamia jikoni kwenye majivu. Taratibu akaacha kujikuna. Manyoya yakaanza kuota. Majirani walikuja kuutazama mgongo wake na kutupongeza, na baba akawa anatembea kifua mbele. Hata mama aliacha kumtetea Mama Neema. Mimi nililala usingizi mzito, na nilifurahi sana kwamba Mama Neema hayupo.

Matanga yakaisha, Tate akarudi. Ngozi ikatandikwa kwenye kona yake, na Tomi akajilaza juu yake kwa furaha. Tukausikia tena ule mguu ukigonga sakafu.

"Sasa ule mama iko natutumia kutoka mbali," Tate akasema.

Mama alimwomba anyanyuke kidogo, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe: akaishika ngozi kwenye pindo, akaifunua. Vumbi la chini yake lilikuwa linarukaruka. Viroboto! Walijaa kwenye manyoya ya ngozi, walijaa sakafuni, wakaturukia miguuni. Nikaanza kujikuna, nikacheka, nikajikuna tena. Kumbe hakuna kilichotumwa kwangu.

Tate aliitazama ile ngozi ya ng'ombe wa baba yake. Halafu akauliza, polepole, "Na nani aliwaweka humo?"

Mama alianika ngozi juani, akamwogesha Tomi kwa sabuni, akanishika mkono tukaenda kambini. Mama Neema alikuwa mbele ya turubai lake, anasonga ugali. Mama alimweleza yote, ngozi na viroboto, akamwomba msamaha, akamwomba arudi. Neema alikuwa ananichekea, anataka tucheze. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, bila hasira.

"Aksanti, dada," akasema. "Lakini mbwa ikijikuna tena?"

Tulirudi nyumbani wenyewe.

Tate hakulitaja tena jina la Mama Neema mpaka alipofariki, akazikwa na ngozi yake imekunjwa kichwani pake. Mimi sasa nina nyumba yangu, nina mbwa, na kwenye chumba changu cha uani amelala mama mwingine aliyetoka Djugu na watoto wake. Juzi mbwa alianza kujikuna. Niliinua mikeka yetu, nikafagia, nikamwaga majivu, kama mama alivyonifundisha. Lakini kabla mikono yangu haijagusa mkeka, macho yalikuwa yameshakwenda kwenye mlango wa kile chumba, na yule mama alikuwa amesimama pale, ananitazama.