Salamu za Bi Somoe

Juzi niliona riwaya yangu bado imekwama kwenye utangulizi, hasira zikanipanda. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni Ruangwa, nyumba ikinuka ufuta. Mdogo wangu alikuwa akiungua kwa homa, na mama aliniambia nimwandikie baba, aliyekuwa aking'oa visiki kwenye mashamba ya karanga Nachingwea. Niliamini ni utovu wa adabu kuacha salamu za jirani hata mmoja. Nje, mjomba aliyesubiri kuipeleka barua alipiga kengele ya baiskeli.

“Bado unasalimia tu?” mama alifoka. “Mtoto anakufa, wewe bado uko kwenye salamu za Bi Somoe! Andika: njoo.”

Niliandika, nikimwona mama hana adabu. Kesho yake baba alifika, akambeba mgonjwa hadi hospitali. Alisema alisoma neno moja tu.

Utangulizi wangu nimeuchana.