Nililinadi Ua la Mlangoni Kwangu

Nimekosa, ndugu zangu. Nalisema mapema ili msije mkanihurumia kabla ya wakati. Sikulewa, wala sikuwa na nyumba ndogo. Kosa langu nililifanya mchana kweupe, nje ya kanisa, Pasaka ya mwaka huu, mbele ya usharika mzima, na watu wakanipigia makofi!

Mimi ni mzee wa kanisa huku kwetu miteremkoni mwa Mlima Meru, na siyo mzee wa kukaa kitini. Kamati ya ujenzi nimo. Kamati ya maji nimo. Vikao vya ukoo nimo, wakulima wa kahawa wakikutana nimo, na msiba ukitokea mimi ndiye wa kupanga wageni walale wapi. Simu yangu inalia kama jogoo asiyejua saa. Kimoyomoyo nilikuwa najisifu kwamba siku Mungu atakaponiita, atanikuta kazini.

Mke wangu, nitamwita Mama Elia, hakuwahi kunilaumu. Ila alikuwa na tabia moja. Asubuhi, wakati natafuta ufunguo wa pikipiki, alikuwa akiniita kutoka nje:

"Baba Elia, hebu njoo uone!"

"Naja!"

Wala sikuwa naenda. Nikitoka, nilipita mbio na kumuaga nikiwa nimeshampa mgongo. Na mnisikie vizuri: muda huohuo nilikuwa nimetoka kupiga magoti na kumshukuru Mungu kwa uumbaji wake wote, macho nimeyafumba!

Sasa, kwa wasiojua, sisi Walutheri wa huku hatutoi sadaka ya fedha peke yake. Huyu analeta mkungu wa ndizi, yule mayai, mwingine kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha tunatoka nje, vitu vinapangwa kwenye nyasi, vinanadiwa, na kinachopatikana kinaingia kwenye sadaka. Anayenadi ni mimi. Sauti ninayo, na utani ninao.

Pasaka hiyo nilikuwa na haraka. Ndugu wa mjini walikuwa wamepanda huku mlimani, kikao cha ukoo kinanisubiri, simu inatetemeka mfukoni. Nikanadi ndizi. Nikanadi kuku. Mwisho wa mstari nikakuta ua ndani ya kopo la rangi.

Lilikuwa ua, jamani! Jekundu, la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto, limesimama juu ya shina moja bila wasiwasi wowote. Nikalinyanyua juu.

"Nani kaleta kitu hiki? Huyu mama, mumewe ana bahati! Mimi kingekuwa kwangu, nisingetoka nyumbani!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mchungaji akainamisha kichwa. Nikadhani ni utani wangu umekolea, nikaongeza mwingine.

Lomayani, fundi wa kuchomelea mageti kule mjini, Ngarenaro, alikuwa amekuja kusali na mama yake. Akashindana na mama mmoja wa kwaya, akamshinda, akalichukua ua. Aliliweka kiti cha mbele cha gari na kulifunga mkanda kama abiria.

Jioni Mama Elia ananimiminia chai huku anatabasamu peke yake.

"Leo umenifurahisha, Baba Elia."

"Kwa lipi?"

"Ua langu. Mimi nililipeleka likapambe madhabahu tu, nirudi nalo. Vijana wakalitoa nje pamoja na sadaka. Nilipokuona umelishika nikashtuka. Halafu nikasema, ngoja kwanza, mume wangu ameamua tumtolee Bwana kitu ninachokipenda. Kumbe anajua nakipenda! Na ulivyolisifu!"

Hapo ndipo ningenyamaza. Mtu mwenye akili timamu angenyamaza, akanywa chai yake, akaenda kutubu chumbani. Mimi nikauliza:

"Ua lako lipi?"

Ee Mungu wangu! Tabasamu lile lilizimika nikiwa naliangalia.

Hakulia. Aliinuka, akafungua mlango, akanionyesha kwa kidole upande wa kushoto. Sakafuni palikuwa na alama ya duara, mahali kopo lilipokaa miaka na miaka. Lile kopo lilikuwa la rangi ya bluu, bluu ya mlango wetu, na mlango huo niliupaka mimi mwenyewe! Kitunguu cha lile ua alipewa na mama yake siku alipoolewa. Mwaka mzima kinajificha udongoni. Masika yakianza kinatoa ua moja, linakaa siku chache, linanyauka. Ndilo alilokuwa ananiitia.

"Nitamfuata Lomayani nimwombe," nikasema.

"Kitu kimeshatolewa sadaka, wewe ukakidai? Mzee wa kanisa? Usituaibishe." Akaufunga mlango. "Wewe nenda tu ukaliangalie. Ukirudi unieleze likoje. Ukishindwa, utarudi tena."

Sikukuu ilipoisha nikashuka Ngarenaro. Kelele za vyuma, cheche zinaruka, na ua langu limekaa juu ya pipa mlangoni mwa karakana kama mwenye mali.

"Shikamoo mzee! Umekuja kutunadi na sisi?"

"Marahaba. Nimekuja kuliangalia hilo ua."

Lomayani akazima mashine. "Kuliangalia tu?"

"Nimeadhibiwa."

Ikabidi niwaeleze. Mafundi wakaacha kazi zote.

"Kwa hiyo mzee, lilikuwa mlangoni kwako?"

"Mlangoni."

"Na hukuwahi kuliona?"

"Sikuwahi."

"Sasa mzee, si wewe huwa unatuombea tufunguliwe macho?"

Walicheka! Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Wakaniletea benchi. Simu ikalia, nikaizima.

Nawaambieni, halikuwa ua moja. Yalikuwa maua madogo mengi, kila moja na kikonyo chake, yamekaa pamoja bila kugombana, jambo ambalo kamati yangu ya ujenzi haijaliweza. Kila moja limetoa nyuzi nyembamba, na ncha za nyuzi zina unga wa njano. Nyuki alikuja katikati ya kelele zile, akaondoka miguu imepakaa unga. Halafu nikaona ya chini yameanza kusinyaa. Nilikuwa nimelikuta linaondoka. Nilimshukuru Mungu pale kwenye benchi, na safari hii sikufumba macho.

"Mzee, lichukue urudi nalo," Lomayani akasema.

Nilitamani! Lakini nilikumbuka niliyoambiwa, nikakataa. Akachimba pembeni ya shina, akatoa kitunguu kidogo kilichozaliwa ubavuni mwa kile kikubwa. "Basi mpelekee mama huyu mtoto." Nikakitia kwenye mfuko wa koti, ule wa simu.

Nyumbani niliulizwa kama mtoto wa kipaimara.

"Nyuzi zake?"

"Nyembamba, nyekundu."

"Nchani?"

"Unga wa njano. Nyuki anaujua."

"Umefaulu," akasema, akanisogezea kikombe.

Msidhani yameisha. Kitunguu kichanga hakina haraka kama mimi. Mama Elia anasema mwakani hakitatoa ua, na huenda hata mwaka unaofuata. Kwa umri wetu, hiyo ni subira ya kuombewa! Mlangoni sasa kuna kopo, udongo, na jani moja. Ua lake nimemkosesha, nikaenda kuliona peke yangu, wakati nilipaswa kuliona nikiwa pembeni yake. Kila asubuhi tunakaa hapo na chai yetu tukiliangalia jani. Mlima nao ukijitoa kwenye wingu tunauangalia, maana hauna kiingilio.

Wewe unayesoma haya ukiwa kwenye foleni au ukisubiri kikao, fumba macho uniambie: mlangoni kwako, upande wa kushoto, kuna nini? Kama hujui, acha haya maandishi, nenda nyumbani ukaangalie. Usisubiri ulishike ua lako mbele za watu na kuuliza ni la nani!

Nilikuwa na mengine ya kuwaonya. Lakini kamati ya maji inapiga simu, na Mama Elia ananiita kutoka nje: "Baba Elia, hebu njoo uone!"

Sijajibu "naja." Nimeshainuka.