Chumba cha Mwaniki

Kathuri alimuuzia Hidaya nyumba yake ya mtaa wa Majengo, mjini Meru, huku akitema damu kwenye kopo la maziwa. Homgadi, wenyeji waliopewa bunduki na serikali, walikuwa wamemvunja meno ya mbele kwa kitako cha bunduki, wakidai duka lake la Nkubu linalisha watu wa msituni. Wiki hiyo hiyo watu wa msituni nao walimchinja mbwa wake wakamtundika mlangoni, kwa kuwa walisikia anawauzia homgadi sukari. Alitaka kuiacha Meru upesi, na mtu anayekimbia hashindani sana juu ya bei.

"Chukua, mama," alisema kwa shida, shavu limemvimba. "Nyumba ni nzuri. Ni watu tu."

Hidaya binti Idrisi alikuwa mjane wa mchinjaji. Babake alifika Meru zamani na misafara kutoka bara, upande wa kusini, akaoa mwanamke wa Embu, akafungua bucha Majengo. Hidaya naye akaolewa na mchinjaji, Saad, aliyekatwakatwa kwa mapanga mwanzoni mwa Hali ya Hatari alipokuwa akileta ng'ombe kutoka Kangeta. Hakuna aliyejua ni nani waliomuua. Ng'ombe walikutwa wakila majani pembeni mwa maiti. Baada ya eda Hidaya aliuza fahali waliosalia, magogo ya kukatia nyama na bangili zake zote, kisha akaanza kazi ambayo Majengo hawakuwahi kuona mwanamke akiifanya: udalali wa nyumba.

Aliyemfundisha ni Bulle, Msomali mwenye malori, aliyekuwa na vyumba vya kupangisha karibu na msikiti. Mwaka ule wa hamsini na nne watu walikuwa wakimiminika mjini, kwa sababu huko vijijini kulikuwa kunawaka moto. Kila chumba kilitakiwa. Bulle alimwachia Hidaya funguo zake na neno moja la kazi.

"Usimwelezee mtu chumba mkiwa barabarani," alimwambia. "Mwingize ndani. Mfungulie dirisha, mtoe hadi uani, aone choo kiko wapi. Akishajua pa kuingilia na pa kutokea, atajiona yuko kwake. Hapo hatoki tena."

Hidaya alilishika neno hilo. Aliponunua nyumba ya Kathuri, vyumba sita na ukumbi katikati, aligundua siku ya tatu kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo za upande wote wa mashariki. Alijilaumu kwa kutogonga kuta kabla ya kununua, akaita mafundi, akapaka chokaa, na kabla chokaa haijakauka vyumba vitano vilikuwa na watu. Kimoja kati ya hivyo, kilichopakana na cha mwisho wa ukumbi, alimpa Mutugi, mpakizi wa malori ya Bulle, kijana mkimya mwenye mabega mapana. Cha sita, kile cha mwisho kabisa, karibu na mlango wa uani, alikichukua Mwaniki.

Mwaniki alitoka Kibugu, huko juu Embu. Alikuwa mtu mzima mwenye koti la kijeshi, na alilipa kabla ya kuulizwa. Alisema alikuwa homgadi, sasa amehamishiwa Meru. Hidaya hakuuliza zaidi. Aliona heri tupu: mpangaji mwenye mshahara wa serikali, tena mwenye bunduki, nani angeivamia nyumba yake? Aliwaambia hata wapangaji wengine walale bila wasiwasi.

Miezi miwili baadaye akaja kijana anayetafuta chumba. Alijitambulisha kwa jina la Kivuti, fundi cherehani, akaamkia kwa Kiembu. Hidaya, ambaye hakuwa amesikia lugha ya mamake ikisemwa kwa upole namna ile kwa muda mrefu, alifurahi hadi akamkaribisha chai.

"Vyumba vimejaa, mwanangu, lakini mmoja atahama mwisho wa mwezi. Njoo uone."

Akamtembeza kama alivyofundishwa. Alimwonyesha ukumbi, akamgongea kuta kuthibitisha nguzo ni mpya, akamtoa uani.

"Na huyu hapa ni nani?" Kivuti aliuliza mbele ya mlango wa mwisho.

"Huyo ni mtu wa kwenu kabisa. Mwaniki wa Kibugu. Hutakosa wa kuongea naye."

"Mlango huu wa uani hufungwa?"

"Mchana uko wazi, watu wanachota maji. Unatokea moja kwa moja kichochoroni, halafu mtoni. Hutazunguka."

Kivuti alimshukuru kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema atarudi.

Alirudi Ijumaa, wanaume wa Majengo wakiwa msikitini. Hidaya alikuwa uani akipepeta mchele. Wanne waliingia kwa mlango ule ule wa uani, makoti marefu, mapanga ndani ya makoti, na aliyetangulia alikuwa Kivuti. Hakumtazama Hidaya. Alipita hatua chache kama mtu anayekwenda chumbani kwake, akausukuma mlango kwa bega.

Mwaniki alikuwa anakula. Hakuifikia bunduki. Hidaya alisikia sahani ikivunjika, kisha sauti aliyoijua vizuri tangu utotoni, sauti ya chuma kikikata mfupa, na nyuma yake mtu mzima akilia kama mtoto. Mwaniki akatoka akitambaa, sikio moja halipo, mkono mmoja unaburuta. Alimfikia Hidaya akaishika leso yake kwa nguvu.

"Nifiche! Mama, nifiche!"

Hidaya alijaribu kumvuta. Mmoja wa wale wanaume alimpiga teke la tumbo akaanguka juu ya ungo. Mutugi, aliyekuwa amelala baada ya kupakia lori alfajiri, akatoka mbio na mtaimbo, akampiga mmoja begani, naye akapigwa panga kwenye kiwiko hadi mtaimbo ukamtoka. Kivuti alimwinamia Mwaniki akamwambia jambo kwa Kiembu, taratibu. Kisha akammaliza. Walipotoweka kichochoroni, ile leso ilikuwa bado mikononi mwa maiti, na Hidaya alilazimika kuikata kwa kisu.

Askari walifika na hasira ya kufiwa na mwenzao. Waliwatoa wapangaji wote barabarani, wakawalaza kifudifudi, wakawakanyaga kwa buti. Mzee wa chumba cha pili alivunjwa mbavu. Mutugi, kwa kuwa alikuwa na damu mwili mzima, walimfunga kwa kamba wakamtupa ndani ya gari.

"Huyo alikuwa anamtetea!" Hidaya alipiga kelele.

Sajini alimgeukia, akamtandika kitako cha bunduki mdomoni. "Na wewe ndiye uliyewaonyesha njia. Wamejuaje chumba chake?"

Hidaya alifungua mdomo kujibu, akakuta jibu analo. Akaufumba, damu ikimchuruzika kidevuni.

Kambini walimweka bandani pamoja na wanawake wengine, wakammwagia maji baridi, wakampiga nyayo kwa fimbo. Kila mara swali lilikuwa lile lile. Kutoka bandani alimsikia Mutugi. Walikuwa wamemtundika kwa mkono ule uliokatwa, wakitaka akiri kwamba ndiye aliyefungua mlango. Mlango ambao mchana haukuwahi kufungwa.

Siku ya nne walimtoa Hidaya nje. Wanaume waliokamatwa pembezoni mwa msitu bila pasi, kibali cha serikali cha kusafiri, walikuwa wamechuchumaa kwa safu, mikono kichwani. Sajini akasema kama muuaji yumo, amwonyeshe; kama hayumo, basi Mutugi anatosha.

Hidaya alitembea, miguu imevimba, akimwomba Mungu asimwone Kivuti. Alimwona. Macho ya Kivuti yalikuwa yamefumba nusu kwa uvimbe, lakini alimjua, na akainamisha kichwa kama alivyoinamisha siku ile ya chai. Upande wa pili Mutugi alipiga ukelele mwingine.

Hidaya akanyoosha kidole.

Kivuti hakukana. Alisimama polepole.

"Mama, mimi sina neno nawe," alisema. "Yule Mwaniki alimfungia mamangu ndani ya nyumba kule Kibugu, akashikilia mlango kwa nje mpaka paa likaanguka. Nilitafuta miezi saba. Wewe ulinionyesha mlango ulio wazi."

Sajini alimpiga kofi anyamaze. Kivuti akamrukia, mikono yote miwili kooni, wakaanguka pamoja vumbini. Askari wawili walifyatua kwa karibu, mara moja, mara mbili, na mara nyingine hata baada ya kijana kulegea. Damu ilimrukia Hidaya kwenye mtandio.

Mutugi aliachiliwa jioni ile. Mkono wake haukupona; ulikauka ukabaki unaning'inia. Alihama nyumba bila kuaga, na Hidaya hakumlaumu. Wapangaji wengine nao walihama mmoja mmoja. Bulle alimshauri auze.

"Umejifunza, sasa toka," alisema. "Nitakutafutia mnunuzi wa mbali, asiyejua."

"Asiyejua nini, Mzee Bulle?"

Bulle akawasha lori lake akaondoka.

Alipoweza kuvaa viatu Hidaya aliomba pasi, akapanda lori la Bulle hadi Embu, na kutoka hapo akapanda mlima kwa miguu hadi Kibugu kuwatafuta watu wa Kivuti. Watu walikuwa wameswagwa ndani ya kijiji kipya kilichozungushiwa handaki lililosimikwa miti iliyochongwa ncha. Alimpata mke wa Kivuti akisonga ugali, mimba kubwa. Maiti za kambini hazikuwa zikirudishwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mumewe amekufa. Hidaya alimwambia yote, pamoja na kidole. Mwanamke alisikiliza hadi mwisho, akauchomoa mwiko kwenye sufuria, akampiga nao kichwani, kisha akaokota ukuni akampiga mabegani na mgongoni mpaka majirani wakaja. Hidaya hakuinua mkono. Alirudi Meru na kovu la moto juu ya jicho.

Hakuuza. Alichimbua sakafu ya chumba kile, akaweka udongo mpya, akangoja. Tangu hapo aliyetaka chumba kwake aliulizwa kwanza anamkimbia nani, na nani anamtafuta. Wengi walikasirika wakaenda kwa madalali wengine, na vyumba vyake vilikaa vitupu kwa muda mrefu kuliko vya yeyote Majengo.

Msimu wa mvua, mwanamke mmoja wa kutoka pande za Nkubu alikuja na watoto watatu na kigodoro. Hidaya hakumwingiza ndani. Alimsimamisha barazani, akamweleza mtu aliyeuawa chumbani, nani alimuua, kwa nini, na nani aliyemwonyesha njia.

Mwanamke alimsikiliza huku akimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi ubavuni. Shingoni alikuwa na alama ya kamba.

"Maji mnateka wapi?" aliuliza.

Hidaya akamfungulia mlango.